Habari za Dakika Mbili na Picha Iliyokataa Kutoka

Sogeeni, enyi wenye masikio, na enyi mliojiziba masikio kwa hedifoni mzivue. Geuzeni simu zenu kifudifudi mezani, mwacheni mwenye chai anywe na mwenye kazi ajifanye anafanya kazi, maana leo nawasimulia vita. Vita hivyo havikumwaga damu, isipokuwa ya kidole kimoja kilichobanwa na droo, nayo haikuhusika. Lakini wapo mashujaa waliovuka majangwa wakarudi na sifa kidogo kuliko alizojipa huyu wetu kwa kuvuka ukumbi wa hatua saba. Mimi ni mpokea simu, dawati langu la tatu kutoka mlangoni, niliyaona yote kwa macho yangu na miwani yangu. Nikiongeza chumvi, basi ni ya mboga tu.

Shujaa mwenyewe ni fundi wa tovuti wa karakana yetu ya kadi: mwana wa muuguzi, mfalme wa kibodi, mvunja vikombe, ambaye ofisi nzima humwita Dakika Mbili. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata kwa jasho, kwa kuwa kila aulizwapo kazi itakwisha lini hujibu bila kuinua uso, "Dakika mbili tu." Mimi nimewahi kwenda likizo ndani ya dakika mbili zake, nikarudi, nikamkuta amebakiza moja.

Kazi ya karakana yetu ni hii. Mteja huleta picha, programu ya Dakika Mbili huitia ndani ya fremu na kuandika maneno ya mteja chini yake, kisha mtu hubonyeza "Hifadhi" na kadi hushuka kwa mpiga chapa chini. Ama mwezi uliopita shujaa alisimama mbele ya bosi akahutubu, mkono mmoja kifuani: kwamba picha zimezidi, zinailemea seva, na ziondolewe zikakae kwenye ghala lao, yaani kompyuta nyingine yenye anwani yake ya mtandaoni, ili tovuti yetu iruke kama mshale. Bosi anapenda mshale. Ghala likajengwa, akakabidhiwa mwanamke mwangalifu tunayemwita Bibi Ghala, nasi sote tukapongezwa kwa barua pepe yenye makosa mawili. Shujaa akaijaribu programu kwa picha moja ya ua jekundu. Ua likaingia kwenye fremu, likahifadhika, likachapwa, na mtu akatangaza ushindi kabla ya vita. Hilo ua, jamani, mlikumbuke.

Hata ilipotimu saa nne na nusu asubuhi ya Ijumaa, mlango ukafunguka, akaingia Mama Mdogo. Ndiye mdogo wake marehemu mama yake Dakika Mbili, ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa, na ndiye mtu pekee chini ya jua ambaye akiingia, shujaa huteremsha miguu kutoka juu ya meza. Alikuwa amevaa sare ya uuguzi iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Ameivaa miaka thelathini na mmoja. Siku hiyo, saa nane mchana, hospitali ilikuwa inamuaga.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, baba. Nimeifuata ile kadi."

Kadi yenyewe ilitakiwa kubeba picha moja. Wasichana wawili ndani ya sare mpya, kofia zimeenda upande, wanacheka na mtu ambaye haonekani: dada na mdogo wake, siku yao ya kwanza kazini. Ya asili ilikuwa ndogo kama kiganja, tena imeingia maji. Wiki tatu kabla, Dakika Mbili aliichukua, akaiskani, akaifuta madoa yote kwa ustadi ambao, nikiri, siwezi kuukejeli hata nikilipwa, akaiweka ghalani ikiwa kubwa na safi, bila kubakiza nakala kwake. Kilichobaki kilikuwa fremu, maneno, na kidole kimoja kubonyeza. Wiki tatu kidole hicho kilikuwa safarini.

"Nataka iwe kubwa," Mama Mdogo akasema. "Wameniambia wataniwekea kiti mbele. Nimewaambia waweke viwili. Tulianza wawili, mwanangu. Sitaki kuagwa peke yangu."

Hata simu yangu ilikuwa na adabu, haikulia. Kutoka chini ikapanda sauti ya mpiga chapa: "Mashine inaingia matengenezo saa saba kamili! Ikishafunguliwa vyuma, ni mpaka Jumatatu!"

"Dakika mbili tu, Mama Mdogo," akanena shujaa, akaketi kitini kama apandaye farasi.

Akaifungua programu, akaiita picha kutoka ghalani, na tazama, wasichana wawili wakatokea ndani ya fremu ya dhahabu. Mama Mdogo akashika mdomo. Shujaa akaandika chini yao maneno aliyotajiwa, "Tulianza wawili," akainua kidole juu kabisa, juu kuliko ilivyohitajika, akabonyeza "Hifadhi".

Upande wa kulia wa skrini yakachipuka maandishi mekundu kama upele. Yalisema, kwa ufupi, kwamba turubai limechafuka na hakitoki kitu.

Nawaeleza, kwa kuwa nami nilielezwa mara tisa kwa sauti ya juu. Kivinjari, hiki tunachofungulia tovuti, ni bawabu. Picha ikitoka nyumba ya watu, yaani anwani nyingine, bawabu hukuacha uitazame mpaka macho yachoke. Lakini ukiichora kwenye turubai lako, pale inapounganishwa na fremu na maneno, bawabu hulitangaza turubai zima kuwa limechafuka, na hutatoa humo hata doa. Kutazama ruhusa, kuondoka nayo marufuku. Na amri hiyo haina ujinga: bila yake, mjanja yeyote mwenye tovuti angechota picha zako za siri huku wewe unasoma matokeo ya mpira.

"Ewe kivinjari!" akanguruma Dakika Mbili. "Hunijui? Ghala hilo nimelibuni mimi! Anwani hiyo nimeichagua mimi! Na huyo wa kushoto ni mama yangu mzazi! Wewe, kitu nilichokupakua bure, unanizuia mimi?"

Kivinjari hakina undugu na mtu.

Ndipo lilipoanza shambulio la kwanza. Shujaa aliupakia ukurasa upya mara kumi na saba, na nilihesabu, kwa sababu watu walikuwa hawapigi simu. Kisha akaizima kompyuta na kuiwasha, ambayo ni silaha ya mwisho ya kila mnyonge, yeye akaitumia ya pili. Maandishi mekundu yakarudi yamenawiri.

"Si uipige picha hiyo skrini, baba?" Mama Mdogo akauliza. "Mimi hata ratiba ya zamu nafanya hivyohivyo."

Shujaa alijeruhiwa na shauri hilo kuliko na maadui wote, lakini kwa heshima akalifuata. Baada ya robo saa mpiga chapa akapanda na karatasi kubwa mkononi, uso wake umekunjamana. Kitu kidogo kilichovutwa kikawa kikubwa kilikuwa kimepasuka vigae, na nyuso za wasichana zilifanana na sakafu ya bafuni. Mama Mdogo akaitazama, akailaza kifudifudi mezani taratibu.

"Hawa siwajui," akasema.

Ikagonga saa tano na dakika arobaini. Shujaa akaalisha vidole, akajitosa kwa shambulio la pili. Akaandika neno moja kwenye programu, neno ambalo kazi yake ni kukiamuru kivinjari kisiingie ghalani kimyakimya, bali kibishe hodi na kitaje kinakotoka. Neno hilo analijua kila fundi, na yeye pia analijua, ila siku zote alikuwa na haraka. Akabonyeza kwa mbwembwe.

Picha ikatoweka. Fremu ya dhahabu ikabaki tupu.

"Mwanangu," Mama Mdogo akasema, "umewatoa."

Maana hodi isiyojibiwa ni kelele za mlangoni tu. Kivinjari kilibisha, ghala likanyamaza, na bawabu akiona mwenyeji hajasema karibu hakupi hata ile ruhusa ya kutazama. Shujaa wetu alikuwa ametoka kwenye picha isiyohifadhika akafika kwenye picha isiyokuwapo, na hayo, kwa lugha ya mafundi, huitwa maendeleo.

Hapo nikauliza swali, mimi mjinga wa simu. "Mbona lile ua jekundu lilikubali?"

Ua lilikuwa ndani ya kompyuta ya Dakika Mbili mwenyewe. Alitaka kujua kama ataruhusiwa nyumba za watu, akajaribu kwa kuingia chumbani kwake! Na nani humkatalia mtu chumbani kwake? Aliuliza akajijibu, akajipongeza, akatuita tupige makofi. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Basi ikabaki njia moja. Wa kusema karibu ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni Bibi Ghala, aketiye hatua saba kutoka kwa shujaa, nyuma ya kioo. Na hata kama ungetaka kuibeba picha kwa mkono, kwenye flashi, kutoka ghalani, mwenye funguo ni yuleyule. Hapo ndipo niliposikia kiti cha shujaa kikilia, kwa sababu baina ya watu wale wawili palikuwa na kikombe.

Kikombe kilikuwa cha bluu, cha Bibi Ghala, cha udongo. Wiki tatu nyuma Dakika Mbili alikichukua bila kuuliza, akakivunja mkono, akaugundisha mkono kwa gundi ya karatasi, akakirudisha kabatini, akajitia hamnazo. Kesho yake Bibi Ghala alimimina chai ya moto, akakiinua, na mkono ukabaki na yeye huku kikombe na chai vikienda pajani. Tangu siku hiyo hawasemeshani ila kwa tiketi, yaani maombi ya kazi yanayoandikwa kwenye mfumo na kupangwa foleni.

Shujaa akaandika tiketi. Ikalia "ting!" kwenye kompyuta ya Bibi Ghala, sote tukaisikia. Tukamwona akiisoma. Tukamwona akipiga funda la chai kwa kikombe cha plastiki. Jibu likalia "ting!" kwa shujaa: "Imepokelewa. Wewe ni wa kumi na nne."

Mama Mdogo akanyoosha shingo. "Huyo unayemwandikia si yule pale?"

"Ndiye."

"Sasa barua ya nini?"

"Ndiyo utaratibu wetu, Mama Mdogo. Katika taasisi za kisasa, mawasiliano..."

"Umemfanyia nini?"

Mama huyu kwa miaka thelathini na mmoja amewauliza wagonjwa kama wamemeza dawa. Anajua kusubiri jibu. Shujaa akatapika habari yote ya kikombe, mpaka na aina ya gundi.

"Simama," akaambiwa. "Nenda kwa miguu yako. Na ukifika mlangoni, bisha."

Enyi mnaosikia, ni nani atakayeisimulia safari ile kama ilivyostahili? Alivuka waya wa feni uliokwisha waangusha wengi. Alipita dumu la maji, akalipita ua la plastiki lenye vumbi, akapita karibu na kiti changu, na nilisikia pumzi zake. Hatua ya nne aligeuka nyuma; Mama Mdogo akamnyooshea kidole, akaendelea. Ilikuwa saa sita na nusu alipofika kwenye mlango wa kioo, akiwa hai.

Akabisha.

"Ewe mlinzi wa ghala," akaanza, kifua mbele, "wewe uliyekabidhiwa maelfu ya picha, nimekuja kwako si kwa upanga bali kwa..."

"Kikombe," akasema Bibi Ghala bila kuinua macho.

"Kikombe kile, kwa hali ilivyokuwa..."

"Nani alikivunja?"

"Mimi."

"Nani alikigundisha akakirudisha kimya kama mwizi mwenye adabu?"

"Mimi."

"Na nani aliungua?"

Kifua cha shujaa kikashuka. "Wewe, dada. Nisamehe. Nilichukua bila kuuliza, nikavunja, nikaogopa kusema."

Bibi Ghala akavua miwani. "Wiki tatu kusema maneno hayo! Na kila kazi kwako ni dakika mbili." Akatazama kupitia kioo, akamwona Mama Mdogo ameketi na mkoba magotini, mbele ya fremu tupu. "Yule ndiye wa ile picha ya wauguzi?"

"Ndiye. Anaagwa saa nane. Nifungulie ghala, dada. Fungulia watu wote tu, unaweka alama ya nyota, ndiyo rahisi."

"Watu wote? Humu mna watoto wa watu, harusi za watu, na marehemu wa watu, akiwemo wako. Niufungulie ulimwengu kwa sababu wewe una haraka? Thubutu! Nitaandika anwani ya karakana yetu, hiyo moja. Atakayebisha kutoka hapa ataambiwa karibu. Wengine waendelee kubisha."

Akaandika mstari mmoja. Mmoja! Ulikuwa mfupi kuliko salamu. Shujaa akazirudi hatua zake saba mbio, akanaswa na waya wa feni, akaketi, akabonyeza.

Fremu tupu.

Akabonyeza tena, na tena. Bibi Ghala akatoka nyuma ya kioo, jambo ambalo tangu kikombe hatukuwa tumeliona, akaja kusimama nyuma yake. "Mimi nimefungua," akasema. "Hii hapa, tazama." Kweli alikuwa amefungua. Fremu ikabaki tupu.

Basi Dakika Mbili akaondoa mikono yake juu ya kibodi. Hakuhutubu. Alimgeukia yule mama na macho yalikuwa yamelowa, na mimi, niliyekuwa nimeandaa dhihaka tatu nzuri, nikazimeza zote.

"Mama Mdogo, nisamehe. Nimeshindwa. Nilikuwa na wiki tatu."

Kutoka chini: "Zimebaki dakika mbili!" Na kwa mara ya kwanza katika historia ya karakana yetu, dakika mbili zilikuwa mbili.

Mama Mdogo akafungua mkoba, akatoa simu yenye ufa kwenye kioo. "Baba, kile kiungo cha kufungulia kadi kwenye tovuti yenu, ulichonitumia siku ulipoichukua picha, ukasema nisikifungue mpaka uniambie. Sijakifungua mpaka leo. Nikifungue?"

Akakifungua. Simu ikafikiri. Kisha wasichana wawili wakatokea ndani ya fremu, kofia upande, wanacheka.

"Andika maneno, mama, andika!" tukapiga kelele sote watatu. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kama aandikaye cheti cha mgonjwa. "Moja!" akaita mpiga chapa. Akafika kwenye "wawili", akarekebisha herufi, tukafa, tukafufuka, akabonyeza "Hifadhi". Halafu chini ya sakafu mashine ikakohoa, ikaanza kuimba.

Siri yake ilikuwa nyepesi hata inatia aibu. Kompyuta ya shujaa ilikuwa bado imeitunza ile picha ya asubuhi, iliyochukuliwa kabla karibu haijasemwa. Kila alipobonyeza, kivinjari hakikujisumbua kwenda ghalani tena. Kilitoa ya zamani kutoka mfukoni, na bawabu akaikataa kwa kukosa ruhusa. Simu ya Mama Mdogo haikuwa na la zamani. Ilibisha mara ya kwanza, ikakaribishwa mara ya kwanza. Utiifu wa wiki tatu wa mtu asiyejua programu ni nini ukamaliza kazi ya saa mbili na nusu ya bingwa wa programu.

"Nilijua!" akapaza sauti Dakika Mbili, amekwisha panda juu ya kiti. "Nilijua tangu mwanzo!"

Basi iandikwe, na vizazi vya mafundi wa tovuti viisome kwa kutetemeka, kwamba siku hiyo Dakika Mbili, mbisha hodi, mtiisha bawabu, mfunga tiketi ya kumi na nne, aliiondoa picha moja kwenye anwani moja akaipeleka kwenye nyingine, mwendo wa hatua saba, kwa mkono wa mama yake mdogo. Bosi amepongeza kwa barua pepe yenye makosa matatu. Bibi Ghala naye amefungua tiketi mpya, ya haraka, kwa jina la shujaa: kikombe, cha bluu, cha udongo, Jumatatu asubuhi.

Nami nilikwenda hospitali, kwa kuwa kadi ilikuwa kubwa na ilihitaji mtu wa kuishika upande wa pili. Ukumbi ulijaa sare. Mbele palikuwa na viti viwili. Tukaisimamisha kadi kwenye cha kushoto, Mama Mdogo akaketi cha kulia. Akaja daktari mmoja amechelewa, anatafuta pa kukaa, akainama nyuma ya kadi bila kuiona mbele.

"Samahani, sista, hiki kina mtu?"

"Kina mtu," akasema Mama Mdogo.

Hotuba zikasomwa, ukumbi ukatawanyika, wakaanza kufagia. Dakika Mbili alikuwa amesimama mbele ya kile kiti, mikono nyuma, anamtazama yule wa kushoto anavyocheka. Nikamgusa bega, nikamwambia twende, gari linasubiri.

"Dakika mbili tu," akasema.

Nikakaa nikamngoja, wala sikutazama saa.